Safu ya Shangazi: "Watu huku wananizungumzisha baridi tu"

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kitandani na koti mwilini. Ni saa tisa alasiri, taa nimeiwasha tangu asubuhi, na nje inaanguka theluji ile nzito yenye maji, inayodondoka kama pamba iliyolowa. Nipo Kanazawa, upande wa Bahari ya Japani. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikuja kwa ufadhili kusoma shahada ya uzamili, na Machi hii namaliza mwaka wa pili.

Nilifika Aprili, maua ya micheri yakiwa yamejaa njia nzima ya kando ya mto. Nilipiga picha mpaka simu ikajaa, mama akazionyesha mtaa mzima. Tangu siku hiyo kwetu inajulikana nimeangukia peponi. Nikituma picha ya theluji wananijibu kwa mioyo na makopa, wananiambia nimebahatika. Sina pa kuutoa ukweli, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Baridi ya mwaka wa kwanza niliipita kwa ugeni. Kila kitu kilikuwa kipya, nilicheza na theluji kama mtoto. Hii ya pili imenikalia kifuani. Saa kumi na nusu jioni giza linaingia. Nalala kwa saa kumi, hata kumi na moja, na bado naamka nimechoka. Jumamosi napitiwa mpaka adhuhuri. Nakula wali na mikate kama mtu aliyekuwa na njaa ya mwaka mzima, halafu nakaa naangalia ukuta. Kuna siku nalia na hakuna aliyefariki.

Chumba changu ni cha ghorofa ya pili, nyumba ya zamani, kuta kama za boksi. Kinachotoa joto ni kiyoyozi peke yake. Nakiweka nyuzi 28, joto linapanda darini, miguu inabaki barafu. Mwezi uliopita bili ya umeme ilikuja yeni 14,000, nikapunguza chakula. Dirisha linatoka jasho usiku kucha na asubuhi maji yametuama kizingitini.

Wiki iliyopita ndiyo nilipoishiwa nguvu. Nilifungua kabati la ukutani kutafuta soksi, nikaitoa kanga aliyonipa mama siku naondoka. Nyekundu, yenye pindo jeusi, imeandikwa "Mwenda kwao si mtumwa". Ilikuwa imepiga kawa. Vitone vyeusi vidogo vidogo vimeanzia kwenye kona, vimepanda mpaka juu ya maandishi, neno "kwao" halisomeki vizuri. Ikinuka kisima. Niliikumbatia hivyo hivyo nikakaa nayo chini.

Jambo la pili ni watu. Shangazi, karibu miaka miwili, na watu hapa hawanizungumzishi chochote isipokuwa hali ya hewa. Chini yangu anaishi bibi mmoja, naona kapita miaka sabini na tano. Kila asubuhi: "Samui desu ne." Yaani, baridi, eti ee? Nami najibu "hai", napita. Wakati wa mvua za Juni: mvua nyingi, eti ee? Agosti: joto, eti ee? Kisha anacheka, "lakini wewe umetoka Afrika, umezoea." Sijazoea! Tanga jioni unakaa barazani, upepo wa bahari unakupitia. Hapa Agosti usiku wa manane jasho linatiririka na nyenje wanapiga kelele kama mashine ya kukoboa. Sijawahi kumwambia. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kitu chochote cha maana kwa Kijapani.

Na bibi huyo huyo, theluji ikianguka usiku, saa kumi na mbili asubuhi namsikia anakwangua. Anasafisha mlango wake, halafu anasafisha ngazi ninayoshukia mimi. Nasikia nikiwa ndani ya blanketi. Naona aibu, na kwa kuwa naona aibu nasubiri amalize aingie ndani ndipo nitoke.

Sasa profesa wangu anataka nibaki nisome shahada ya udaktari (uzamivu), miaka mitatu. Anataka jibu mwisho wa Februari. Utafiti wangu naupenda, sikufichi. Lakini nikifikiria baridi nyingine tatu za namna hii nashindwa hata kupumua. Mwenzangu mmoja aliyeko Tokyo ananiambia kwao jua linawaka kila siku, nihamie huko. Mama naye sijamwambia lolote.

Nibaki, nihame, au nirudi nyumbani?

Wako,
Mwenye kanga yenye kawa, Kanazawa

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili chai ilipoa mezani. Niliishi Japani miaka kumi na moja, na minne ya mwanzo ilikuwa Nagaoka, mkoa wa Niigata, juu kidogo ya huko uliko, ambako theluji ni nyingi kuliko hiyo ya kwenu. Kwa hiyo hilo koti la kitandani nalijua. Nalijua na hilo la kusubiri jirani aingie ndani.

Nianze na mwili wako, kwa sababu mengine yote yanaukalia huo.

Kulala sana usishibe usingizi, kutamani wali na mikate, kulia bila sababu, na yote haya yanakuja giza linapokuja: huo si uvivu, wala si udhaifu wa imani, wala si kukosa shukrani kwa ufadhili. Ni hali inayojulikana hospitalini. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watu wanaoingia huzuni kila baridi ikifika, na huzuni hiyo ikaondoka jua liliporudi. Wewe umelelewa nyuzi tano kusini mwa ikweta, ambako mchana wa Juni na mchana wa Desemba haupishani hata saa moja. Kanazawa mwezi wa Desemba mchana hauzidi saa kumi, na mchana wenyewe umefunikwa na mawingu. Mwili wako haujui ni saa ngapi, ndiyo maana unataka kulala.

Sitaki nikupime kwa barua. Wiki hii hii, si wiki ijayo, nenda kituo cha afya cha chuo chako. Waambie maneno uliyoniambia mimi: nalala kwa saa kumi, nalia, sifurahii kitu. Waombe wakupime damu waangalie na vitamini D, kwa sababu ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na jua la huko wakati wa baridi halitoshi. Waulize pia kuhusu taa ya mwanga mkali, ile ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Watu huiwasha asubuhi karibu na uso kwa nusu saa hivi huku wakinywa chai, bila kuikodolea macho. Wengi imewasaidia, lakini uanze kwa kauli ya daktari, hasa kama una tatizo la macho. Na siku ambayo mawazo yatafika mahali pa kutotaka kuishi, hiyo siyo ya kusubiri miadi. Siku hiyo hiyo mwambie mtu: daktari, profesa, mwenzako wa Tokyo, yeyote aliye karibu.

Mchana usikae na koti kitandani. Hata mwanga wa mawingu una nguvu kuliko taa ya chumbani. Kila siku kabla ya adhuhuri toka nje nusu saa, theluji iwepo isiwepo. Vaa gambuti zenye soli ya meno, piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima kama bata. Usipite chini ya mapaa, theluji ya paa ikiteleza inakuja yote kwa pamoja na imeshaua watu. Na mwavuli wako uwe wa nguvu. Watu wa huko wana msemo kwamba sahau chakula chako cha mchana lakini usisahau mwavuli, na hawatanii, maana mawingu ya Kanazawa hubadilika mara tatu kabla hujafika kituo cha basi.

Sasa chumba. Kosa lako, na lilikuwa langu pia, ni kutaka kukipasha joto chumba kizima. Nyumba za namna hiyo hazishiki joto. Wajapani wenyewe hawapashi nyumba, wanapasha mtu. Ndiyo maana wana kotatsu, ile meza fupi yenye kipashajoto chini na mfarishi umefunikwa juu, unaingiza miguu humo familia nzima. Nunua mkeka wa umeme au blanketi la umeme, lile la kutandika. Linakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kiyoyozi chako. Liwashe nusu saa kabla ya kulala, ukiingia uzime. Kiyoyozi kishushe mpaka nyuzi 20, uelekeze mdomo wake chini, na uweke feni ndogo ikitazama dari irudishe joto miguuni. Dirishani bandika ile nailoni ya mapovu ya kufungia vyombo, na pazia ligonge sakafu. Na oga maji ya moto kwenye lile beseni lao refu, nyuzi 40, dakika kumi na tano, saa moja kabla ya kulala. Sisi tumezoea kujimwagia na kutoka. Mimi nilikaa mwaka mzima nikilitumia lile beseni kuloweka nguo, nikishangaa kwa nini wenzangu hawatetemeki.

Usishawishike na hita ya mafuta ya taa kabla hujasoma mkataba wako wa nyumba, maana nyumba nyingi za kupanga zinaikataza. Inataka kufungua dirisha kila baada ya muda, la sivyo hewa yake inaua kimya kimya. Tena lita moja ya mafuta ikiungua inatoa mvuke wa maji karibu lita moja, na wewe shida yako tayari ni maji.

Maji hayo ndiyo yaliyokula kanga. Nakuona: nguo unaanika ndani, unapika wali, unapumua usiku kucha, madirisha yamefungwa, na mvuke wote unakwenda kutua palipo baridi kuliko pote, yaani ukuta wa nje nyuma ya kabati. Toa vitu vyote humo. Viache nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani, uviinue chini kwa ubao, na milango ya kabati iache wazi kiasi. Kila asubuhi futa jasho la dirisha kwa kitambaa, kisha fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika tano. Utaona baridi, ndiyo, lakini hewa kavu ndiyo inayopata joto haraka. Chuoni kwenu wanafunzi wanaoondoka Machi huuza vitu kwa bei ya kutupa. Tafuta mashine ya kunyonya unyevu, na uiwashe hasa Juni na Julai, kwenye zile mvua zao ziitwazo tsuyu.

Nikwambie na jambo ambalo halikuniingia mpaka mwaka wa tatu. Kule kila kitu kinafanywa kabla majira hayajafika. Tarehe 1 Novemba, jua bado linawaka, watunzaji wa bustani ya Kenrokuen hapo mjini kwenu huanza kufunga misonobari kwa kamba: mlingoti unasimamishwa katikati ya mti, kamba zinashushwa kama mbavu za mwavuli, kila tawi linashikiliwa ili theluji nzito isilivunje. Nina hakika umepiga picha. Ule si urembo. Watoto wa shule hubadili sare Juni mosi na Oktoba mosi, na nyumbani kabati lote hutolewa nje likapigwa hewa. Blanketi za umeme zinajaa madukani Oktoba, na ukienda Februari unakuta nguo za maua. Wewe umekuwa ukisubiri baridi ikufike ndipo uitafutie dawa, na kila mwaka ukifika dukani bidhaa zimekwisha.

Na usidhani jambo hili ni geni kwetu. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji kufundishwa kwamba upepo ndio unaotawala mwaka. Kalenda ya zamani ya Wajapani imeukata mwaka vipande 72, siku tano tano, kila kipande na jina lake: dubu wanajifungia mapangoni, samoni wanapanda mto, upepo wa mashariki unayeyusha barafu. Wazee wetu wa pwani nao waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia siku ya Nairuzi, wakajua mwongo wa kupanda, wa kuvua, na wa kufunga jahazi. Hiyo baridi yako nayo ni upepo. Unatoka Siberia mkavu, unavuka Bahari ya Japani ambamo unapita mkondo wa maji ya uvuguvugu, unanyonya unyevu, unagonga milima ya katikati ya kisiwa, unaumwaga wote juu yenu kwa sura ya theluji. Ukishavuka milima hauna kitu tena, ndiyo maana Januari mwenzako wa Tokyo anapata jua karibu mara tatu ya lile mnalopata ninyi. Hakudanganyi. Na zile radi zinazopiga Desemba katikati ya theluji, zinazokutisha, wavuvi wa huko wanaziita kiamsha-buri. Buri ni samaki wa ukoo wa kolekole, na radi ikinguruma wanajua amekaribia pwani akiwa amenona. Nenda soko la Omicho ukamwone. Babu yako angemtambua kwa mkia tu.

Haya, nifike kwa bibi wa chini.

Mwanangu, hapo umekosea, na nakwambia kwa upendo kwa sababu mimi nililikosea vile vile kwa mwaka mzima. Unasema hawakuzungumzishi chochote isipokuwa hali ya hewa. Hebu nikuulize: kwenu Tanga, mtu akikuuliza "habari za nyumbani", ukamjibu "nzuri", hapo mmezungumza nini? Mtoto anaumwa, paa linavuja, na umejibu nzuri. Je, ni maneno matupu? Jaribu kumpita mzee barazani bila hayo maneno matupu uone yatakayosemwa.

"Samui desu ne" ndiyo habari za asubuhi yao. Barua rasmi ya Kijapani haianzi na shida, inaanza kwa kutaja majira: sasa majani yamegeuka rangi, sasa baridi imekolea, mko salama? Shairi lao fupi la haiku kwa desturi lazima liwe na neno la majira. Na hiyo "ne" ya mwisho, uliyoitafsiri vizuri kuwa "eti ee", ni mkono ulionyooshwa. Anakwambia: mimi na wewe tumesimama kwenye baridi moja. Bibi huyu kakunyooshea mkono kila asubuhi karibu miaka miwili, nawe ukamjibu "hai" ukapita. Katika Kijapani "hai" peke yake hapo ni kama mtu akuambie hujambo ukamjibu "sawa".

Jibu lake ni kumrudishia: "Samui desu ne." Halafu ongeza kitu kimoja, kidogo, cha kweli. Mikono imeganda. Usiku sikulala kwa upepo. Na Agosti akikuambia umezoea, mwambie: hapana bibi, kwetu jioni kuna upepo wa bahari, hapa joto limenishinda. Atashangaa, atafurahi, na siku hiyo hiyo majirani watano watakuwa wamepata habari kwamba Tanzania usiku kuna upepo.

Kule Nagaoka barabara zina mabomba katikati yanayorusha maji ya kisima kuyeyusha theluji, na chuma kilichomo ndani ya maji kimezipaka barabara rangi ya kutu. Asubuhi moja ya Februari maji hayo yalinijaa viatuni nikiwa njiani kwenda kazini. Nilisimama pale nikiwa nimelowa mpaka magoti. Mzee mmoja niliyekuwa nikimpa "hai" zangu akasema kama kawaida yake, baridi, eti ee. Sikuwa na nguvu ya adabu. Nikamwambia kwa Kijapani changu kibovu: vidole vya miguu sivisikii. Akanishika mkono wa koti akanivuta mpaka ukumbi wa mlango wake, akaita mkewe. Yule mama aliniletea gazeti kavu, akanionyesha namna ya kulikunja na kulisokomeza ndani ya viatu linyonye maji, akanipa soksi za mumewe, za sufu, kisigino kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Nilikaa nao miaka mitatu iliyofuata kama mtoto wao, na mlango tulioingilia ulikuwa ni baridi.

Kwa hiyo nunua koleo. La plastiki, jepesi, linauzwa duka lolote la vifaa vya nyumbani. Theluji ikianguka usiku, weka saa ya kukuamsha saa kumi na mbili kasorobo, ushuke kabla yake. Anza na ngazi yako, kisha mlango wake. Akitoka usiombe msamaha kwa kirefu, muulize tu: "Yuki wa doko ni sutetara ii desu ka?" Theluji niitupe wapi? Ni swali la maana kweli, kwa sababu ukiitupa barabarani au mbele ya mlango wa mtu mwingine mtaa mzima utanuna, naye ndiye anayejua mfereji uko wapi. Jasho litakutoka, utarudi ndani una njaa ya haki. Hata daktari wako atafurahi. Siku nyingine mpelekee maandazi matatu kwenye mfuko mdogo. Matatu, si ishirini, maana zawadi kubwa inambebesha deni la kurudisha. Atakurudishia machungwa madogo yale matamu, na hapo ndipo mnaanza.

Kama unaswali, upo na msikiti wa Kanazawa. Ijumaa moja nenda, hata kama hujazoea kwenda. Kuna watu wa kila taifa ambao nao vidole vimeganda.

La profesa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiamue jambo la miaka mitatu ukiwa hujalala vizuri wala kuona jua kwa wiki sita. Umeandika "utafiti wangu naupenda" katikati ya barua yote ya machozi, na hilo nimelipigia mstari. Kesho mwandikie umwombe mazungumzo, umwambie afya yako haijakaa vizuri baridi hii na unatibiwa, na umuulize tarehe ya mwisho kabisa ya makaratasi ni ipi. Mara nyingi tarehe anayotaja profesa si ile ya ofisi. Na umuulize kama sehemu ya kazi ya udaktari inaweza kufanyika nyumbani, Januari na Februari, kukusanya data au kuandika. Wapo wanaopewa nafasi hiyo. Asiyeuliza hapewi.

Tokyo sikushauri kwa sababu ya jua peke yake. Ni kweli baridi yake ni kavu na anga ni buluu, lakini utaanza upya na chumba kidogo zaidi kwa kodi kubwa zaidi, na profesa mwingine ambaye hujui kama utampenda. Ukitibiwa, ukajipanga tangu Oktoba, na baridi ijayo bado ikakuangusha hivi, hapo rudi. Rudi bila kuona haya. Mama yako angeweza kukununulia kanga ya "Safari njema" kama wengine. Alichagua ile. Mpigie simu umsomee maneno yaliyoandikwa juu yake, kisha umweleze unavyolala na unavyolia. Nadhani alishajua siku hiyo ingefika.

Na kanga yenyewe haijafa. Usiitie dawa ya klorini, itakula wekundu wote. Tafuta ya unga ya oksijeni, kwenye pakiti imeandikwa sanso-kei. Jaribu kwanza kwenye pembe ya pindo uone kama rangi inatoka. Ikiwa salama, loweka kwenye maji ya moto kiasi, nyuzi 40 hivi, kwa nusu saa, sugua taratibu, suuza mara tatu. Vitone vingine huenda visitoke, usivikwangue.

Usiianike ndani. Februari huko huwa zinajitokeza siku moja mbili za jua, ghafla, anga likafunguka na theluji ikang'aa mpaka macho yanauma. Isubiri hiyo. Itundike barazani kwako iangalie nje, hata kwa saa mbili. Bibi atainua kichwa aione, na atakuambia leo jua zuri, eti ee. Mwambie ndiyo, jua zuri. Kisha mweleze nguo hiyo imeandikwa nini.

Shangazi